Altezza ya Pwani Kati ya Wenye Turbo

Altezza yangu ilitoka kiwandani mwaka 2001. Ingekuwa binadamu, saa hizi ingekuwa na kitambulisho na kadi ya kura. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, na Toyota iliacha kuziunda Altezza mwaka 2005, kwa hivyo kila moja unayoiona barabarani leo ni ya kitambo na imeshapita mikononi mwa watu. Yangu ni RS200: injini ya lita mbili, silinda nne, gia sita za mkono, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Karatasi za kiwandani zinasema nguvu za farasi 210. Turbo haina. Nalitaja hili mapema kwa sababu kule Naivasha niliulizwa "Ina turbo?" kabla sijaulizwa jina langu.

Mkutano ulikuwa wa wikendi, wa wenye magari ya spoti na wanaoyapenda, watu waliojuana kwenye WhatsApp wakaamua safari hii waonane uso kwa uso. Wengi ni wa bara: Nairobi, Nakuru, Eldoret, Thika. Sisi wa Mombasa tulikuwa wachache, na mimi sikwenda peke yangu. Ami alikataa. Si ami yangu wa damu. Ni fundi wa Kisauni anayeifungua na kuifunga gari hii tangu ilipofika kwangu, na umri wake ni wa baba yangu. "Mwanangu," aliniambia, "ikikufia Mtito Andei utampigia nani? Mimi. Na mimi nitakutengenezea kwa simu? Bora twende sote." Akaja na mkoba wa spana, dumu la maji, oili, na bakuli la mahamri alilofungiwa na mkewe.

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, na karibu njia nzima ni kupanda, ingawa macho hayaoni mlima. Unaanzia usawa wa bahari, unaishia karibu mita 1,800. Nimepanda basi njia hiyo maisha yangu yote bila kulifikiria hilo. Ukishika usukani wa gari lisilo na turbo, unalijua kwa mguu. Hadi Voi, Altezza ilikuwa ileile ninayoijua, ukigusa eksileta inaitika. Tulipoipita Mtito Andei ikaanza uvivu. Tukikaribia Sultan Hamud nikawa narudi gia ya tatu ili niyapite malori ambayo kule chini ningeyapita bila kushughulika. Nikamwambia Ami huenda chujio la petroli limeziba. Akacheka mpaka akakohoa.

"Hewa, mwanangu. Huku hewa nyembamba. Inavuta pumzi ileile, lakini ndani hamna kitu."

Alikuwa sahihi, na hesabu yake si ngumu. Kwenye kimo cha Nairobi hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Injini inayojivutia hewa yenyewe inapata oksijeni kidogo kila pistoni inaposhuka. Kompyuta ya gari inaliona hilo kupitia sensa zake na kupunguza petroli ili mchanganyiko ubaki sawa. Nguvu nazo zinashuka kwa kiasi kama hicho. Wale farasi 210 wa karatasini wanabaki kama 170. Turbo, kwa upande wake, ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kuisukuma hewa iingie kwa lazima, kwa hivyo sehemu kubwa ya kile ambacho mlima umekunyima inakirudisha. Miaka yote nilidhani watu wa bara wanapenda turbo kwa ajili ya ule mlio tu.

Jumamosi alfajiri tulikutana kwenye kituo cha petroli kando ya Waiyaki Way. Nisiwe mwongo, moyo ulinidunda. Impreza za kila aina, WRX na STI, zikiunguruma ule mlio wao wa kukatakata. Lancer Evolution zenye bawa la nyuma unaloweza kuanikia nguo. Fairlady Z, RX-8, GT86 na ndugu yake BRZ. Na Porsche moja ya chini sana ambayo mwenyewe aliingia kituoni kwa mshazari, gurudumu moja moja, asije akakwaruza bampa kwenye kile kituta cha mlangoni. Kijana mmoja alizima gari, akachomoa ufunguo, akafunga milango, akaenda zake kununua chai, na injini ikaendelea kunguruma. Ami akamkimbilia: "Kijana! Kijana! Umesahau gari!" Watu wakacheka. Ni kifaa cha kuiacha injini izunguke polepole kwa muda kidogo baada ya safari, ili oili iendelee kupita na kuipoza turbo kabla haijasimama. Ami aliona haya kidogo, kisha akauliza kifaa hicho kinapatikana wapi, kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road au mpaka kiagizwe.

Kabla ya kuondoka kulikuwa na ukaguzi, na hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu wenzangu. Nilitarajia watu wakishindana kwa ukubwa wa ekzosi. Badala yake, jamaa mwenye tochi na daftari alipita gari kwa gari akipiga magoti kwenye matairi. Hakuwa anatazama kashata tu, yale meno ya tairi yanayoshika barabara. Alikuwa akisoma ule muhuri wa tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa mfano 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Gari moja jekundu lenye rimu za kung'aa lilikuwa na matairi ambayo kashata yake ilikuwa bado kama mpya na mpira wake umekauka kama soli ya kiatu cha marehemu. Mwenyewe aliambiwa anakaribishwa kuja kula nyama, ila kwenye mazoezi ya kuzunguka koni asiguse. Alinuna, akakubali.

Kanuni za msafara zilisomwa kwa sauti: hakuna kumpita kiongozi, hakuna mashindano barabarani, mwendo ni ule wa sheria, na mijini ni kilomita 50 kwa saa. Magari ya Kijapani mengi saa yake ya mwendo inaishia 180, maana viwanda vya kule vilikubaliana kuyafunga hapo, na hadi mwaka 2004 vilikuwa pia na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya farasi 280. Vijana wengi pale wameshaifungua ile kufuli ya 180. Lakini siku ile hakuna aliyeihitaji, kwa sababu tulishuka kwa njia ya Mai Mahiu.

Asiyeijua njia hiyo aielewe hivi: umesimama ukingoni mwa Bonde la Ufa, zaidi ya mita 2,000 juu, na barabara nyembamba inakupeleka chini kwa kona baada ya kona, mbele yako lori, nyuma yako lori. Iliundwa na mateka wa vita wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na kanisa lao dogo la mwaka 1942 bado lipo kando ya njia, chini kule. Ukishuka hapo unaweza kunusa breki za watu. Kwenye redio ya mkononi tuliyopewa, kiongozi, mwanamume mwenye sauti ya mwalimu wa shule ya msingi, alirudia neno lilelile: "Gia ya pili. Gia ya pili. Acheni breki zipumue." Injini ikashika gari, breki nikaigusa kwenye kona tu, na ilipobidi nilikanyaga kwa nguvu kidogo kisha nikaachia, sikuuegemeza mguu.

Ami hakuwa na wasiwasi, na sababu yake ilikuwa ya pwani. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani. Kadiri yanavyokaa ndivyo yanavyokunywa, na Mombasa hewa yenyewe ni nusu maji. Diski zikipata moto, yale maji yaliyomo huchemka, yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyezeka. Unakanyaga pedali inazama hadi sakafuni na gari halisimami. Kwa hiyo kabla hatujatoka Kisauni alikuwa ameyamwaga yote na kutia mapya, huku mimi nikilalamika juu ya bei. Chini, kwenye mji wa Mai Mahiu, tulisimama na gari moja lilikuwa likifuka moshi gurudumu la mbele. Mwenye gari alichukua chupa ya maji akitaka kuimwagia diski. Watu watatu walimpigia kelele kwa pamoja. Chuma chenye moto ule ukikimwagia maji baridi kinaweza kupinda au kupata ufa. Akaambiwa asivute breki ya mkono, aweke gia, atie jiwe kwenye tairi, asubiri. Akasubiri, nasi tukamsubiri, mahamri yakapitishwa.

Mchana tukawa kwenye uwanja wa udongo mgumu si mbali na ziwa, koni zimepangwa, helmeti ziko mezani. Hapa sina mengi ya kujisifia. Aliyekuwa akisimamia ni dada mmoja anayeshindana kwenye mbio za udongoni, na gari lake lilikuwa Starlet kuukuu isiyo na hata kofia za rimu. Aliizungusha kati ya zile koni kwa namna iliyowanyamazisha wenye STI. Kisha akaketi kando yangu na kuniangalia nikiendesha. Nilipokaribia koni ya kwanza nikaikodolea macho, na Altezza ikaifuata koni kama iliyoitwa. "Kaka, unaitazama nini?" akasema. "Hiyo hauendi nyumbani kwake. Tazama unakokwenda, mikono itafuata." Na kweli, nilipoinua macho kuelekea upenyo unaofuata, mikono ikajua kazi yake. Akanifundisha pia kumaliza breki kabla ya kona na kuleta moto taratibu baada yake, maana gari la kusukumwa nyuma ukiliharakisha kwenye vumbi linageuka likutazame. Lilinigeukia. Sikuwa peke yangu.

Lakini kilichonifanya niandike ni kile kilichotokea baadaye, chini ya mgunga, magari yakipumzishwa.

Kijana mmoja alikuwa na gari jeupe la turbo. Sitasema ni la kampuni gani, maana kosa halikuwa la kiwanda. Kalifanyia tuni, kaongeza msukumo wa turbo, na watu walikuwa wamemzunguka wakimwomba alipige moto walisikie. Akapiga. Wengine wakashangilia. Ami, aliyekuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akila nyama, aliacha kutafuna.

"Zima," akasema.

Kijana hakumsikia, au hakutaka. Ami akainuka, akaenda, akamwomba kwa adabu aliache liungurume tu bila kukanyaga. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaitia kwenye ubavu wa injini, mpini akauweka sikioni kama daktari. Akaihamisha. Akaihamisha tena. Kisha akamwita kijana aweke sikio yeye mwenyewe. Mimi nilisikiliza baada yake: nyuma ya ule mngurumo kulikuwa na kitu kidogo kinagonga, tok tok tok, kinaongeza kasi injini inapoongeza.

"Beringi za konrodi," akasema Ami, yaani za kile chuma kinachoshikilia pistoni kwa chini. "Ushaanza."

"Mzee, hilo ni plagi tu," akasema kijana. "Nimetoka nalo Thika liko sawa."

Ami hakubishana. Akaomba tishu nyeupe, akachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa imegusa alama ya chini kabisa. Akaifuta kwenye tishu, akaikunjua juani. Ilikuwa nyeusi, kama oili yoyote iliyochoka, lakini ukiinamisha ile karatasi polepole, humo ndani kulikuwa na chembe zinazometameta, rangi ya shaba, ndogo kama unga wa pambo la kucha. Hakuna aliyesema kitu. Hata asiyejua injini anaelewa kwamba chuma hakipaswi kuwa ndani ya oili.

Wakaanza kumuuliza kijana, na majibu yakaja moja moja. Petroli anatia ile ya kawaida, popote. Injini ile ilipangwa kwa petroli ya oktani ya juu ya Japani, inayofika 98 hadi 100, na ya kawaida ya vituoni kwetu haifiki hapo. Ukiongeza msukumo wa turbo juu ya petroli dhaifu, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake na kila mlipuko ni nyundo juu ya pistoni, na beringi iko chini yake. Oili alikuwa anasubiri taa iwake ndipo aongeze. Taa ile huonya msukumo wa oili ukishuka. Ikiwaka, mara nyingi umeshachelewa. Aliyemtunia alimpa nguvu alizozitaka na hakumwambia gharama yake. Hapo nina neno: fundi anayekuongezea farasi bila kukuuliza unatia petroli gani si fundi, ni mfanyabiashara.

Gari lilipandishwa kwenye lori la kubebea, likaenda hivyohivyo kimya. Kijana alibaki. Wenzake walimketisha, na kabla ya magharibi walikuwa wameshamtafutia beringi Nairobi na mtu wa kumfungulia injini kwa bei ya kindugu, maana crankshafti, ule mhimili unaozungushwa na konrodi, ikiwahiwa huenda ikasagwa kidogo na kutumika tena. Ukiikimbiza hadi konrodi ikatike, inatoboa ubavu wa injini na hapo unanunua nyingine nzima. Tangu saa ile Ami hakupata kula tena. Wakawa wanamjia mmoja mmoja, wanaume wenye magari ya mamilioni, kila mmoja na kijiti chake cha oili na tishu.

Jioni tulikatazwa kuwasha magari. Si kwa ajili ya majirani tu. Viboko wa Ziwa Naivasha hutoka usiku kula majani, na pale kambini kulikuwa na waya wa umeme na onyo la kutopita. Kwa hivyo watu wakazungumza. Mzee mmoja wa Nakuru alikuja na Datsun 240Z ya rangi ya machungwa, na kuizunguka tu kulinitosha. Gari la aina hiyo lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyemaliza akiwa sawa kwa pointi na Harry Källström mpaka kanuni zikaamua. Mehta alishinda Safari mara tano. Mzee alikuwa mtoto wakati huo, Pasaka ilimaanisha kukaa kando ya barabara na vumbi.

Ami na yeye walielewana papo hapo, "mzee mwenzangu" huku na "fundi" kule. Datsun ile haina kompyuta, ina kabureta mbili. Kabureta haijui kwamba umepanda mlima. Inaendelea kumwaga petroli ya pwani kwenye hewa ya Nakuru, plagi zinakuwa nyeusi na moshi unatoka kama wa jiko la kuni. Mzee akatuonyesha kwa tochi zile nati za chini ya kabureta. Akishuka kuelekea baharini anazigeuza upande huu kwa pembe kadhaa za nati, akipanda anazirudisha, na hesabu zake ameziandika kwa penseli ndani ya kifuniko cha kisanduku cha mbele: Nakuru, Nairobi, Voi, Mombasa. Ami alizisoma zote, akasema ya Voi haikubali. Wakabishana hadi moto ukazimika.

Jumapili asubuhi ilikuwa zamu ya kutu. Ami alilala chini ya gari la kila aliyetaka. Watu wa bara walidhani kutu ni ugonjwa wetu sisi wa baharini, na Altezza yangu kweli ina viraka nyuma ya magurudumu ambavyo sivifichi. Lakini Impreza moja ya Eldoret, isiyowahi kuuona mwambao, ilikuwa imeliwa vibaya kuliko yangu kwenye mihimili ya nyuma. Kule Japani, sehemu za theluji, barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na gari likishatembea humo miaka kadhaa linakuja kwetu limeng'arishwa juu na limeoza chini. Ukinunua, inama. Rangi haisemi lolote.

Wakati wa kuagana wenye Impreza wakasema safari ijayo wanashuka Mombasa. Ami akawatazama lile tundu la juu ya boneti. Chini yake ndiko ilikolala intakula, ile radieta ya kupoza hewa ya turbo, juu kabisa ya injini yenye moto. Gari likienda, upepo unaingia tunduni na kuipoza. Likisimama, injini inaichoma kutoka chini.

"Mkifika Changamwe mtasimama," akawaambia. "Likoni kwenye feri mtasimama. Jua la Desemba, hakuna upepo. Hapo turbo yenu itavuta hewa ya moto na hii Altezza itawapita na mizigo ya harusi."

Walicheka, ila niliwaona wawili wakitazamana. Hadi sasa kikundini bado wanabishana. Wengi wanataka Desemba kwa sababu ya likizo. Mzee wa Datsun anasema yeye atakuja Julai, wakati wa baridi ya kwetu, hata akiwa peke yake, na tayari ameuliza kama Ami atakuwepo ili wamalizane juu ya ile nati ya Voi. Naye Ami, ambaye simu yake haina hata WhatsApp, kila jioni ananituma niwaandikie bei ya kulanti ya kupoza injini.